Tromsø jua lisipochomoza: maswali ninayoulizwa kila Novemba

Kila ifikapo Oktoba simu yangu huanza kulia. Mmoja kapata nafasi ya masomo chuo kikuu, mwingine yuko kambini na ameambiwa familia yake inahamishiwa Norway kaskazini, wa tatu ni shangazi yangu wa Tanga anayetaka tu kujua kama bado ninapumua. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Huu ni msimu wangu wa nane wa baridi hapa. Utaalamu wa hali ya hewa sina. Nilichonacho ni mikwaruzo ya viwiko.

Tromsø ni wapi hasa?

Kaskazini mwa Norway, karibu nyuzi 70 kutoka ikweta, yapata kilomita 350 kuupita mstari wa Aktiki. Katikati ya mji ipo juu ya kisiwa, Tromsøya, kilichounganishwa na bara kwa daraja la mwaka 1960 lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Milima imezunguka pande zote. Wasami, wenyeji wa asili wa huku, mji huu wanauita Romsa.

Ni kweli jua halichomozi kabisa? Tangu lini mpaka lini?

Kweli. Kwa hesabu ya wanaastronomia, jua hukaa chini ya upeo wa macho tangu tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari. Lakini upande wa kusini kuna milima, na milima haijali hesabu. Ukiwa mjini utaliona mara ya mwisho kama tarehe 21 Novemba, na litarudi 21 Januari. Miezi miwili kamili. Wanorwei huita kipindi hiki *mørketid*, wakati wa giza. Wasami husema *skábma*, na mwezi wa Novemba wenyewe wameupa jina hilo: *skábmamánnu*.

Kinachomshtua mgeni zaidi ni kasi ya kuondoka kwake. Tarehe 1 Novemba bado unapata saa sita na nusu za jua. Tarehe 20 zimebaki tatu. Zaidi ya dakika kumi zinakatwa kila siku inayopita. Mtu wa Dar es Salaam, ambako tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki saa moja, anahisi kama kuna mwizi anayeingia ndani kila usiku na kuchukua kidogo kidogo.

Linakwenda wapi?

Haliendi popote. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.4, na mwezi Desemba kichwa chake cha kaskazini kimelipa jua kisogo. Wakati huo huo Ncha ya Kusini wanaliona saa 24. Mwezi Mei mambo hugeuka: tangu tarehe 20 hivi hadi 22 Julai jua haliondoki angani, na utatamani lile giza upate usingizi.

Basi ni usiku wa manane mchana kutwa?

Hapana, na hili ndilo ninalolirudia kuliko yote. Hata tarehe 21 Desemba, siku ya kina kirefu kuliko zote, adhuhuri jua huwa limejificha nyuzi tatu tu chini ya upeo wa macho. Mwanga wake unapanda. Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nane kasorobo mchana, mbingu ikiwa safi, kuna utusitusi wa kutosha kutembea bila tochi. Ni kama ule weupe wa alfajiri kwetu, dakika chache kabla jua halijatoka baharini, ila hapa hizo dakika zimevutwa zikawa saa nne, na mwishoni jua halitoki.

Kusini mbingu inakuwa ya waridi na rangi ya embe bivu, kaskazini ni buluu nzito, na theluji yote ya mjini inaiga ile buluu. Wenyeji huita *blåtimen*, saa ya buluu. Kanisa la Ishavskatedralen, lile la pembetatu nyeupe ng'ambo ya daraja, utaliona kwenye kila picha ya kitalii limepigwa na mwanga huo, na safari hii picha hazidanganyi. Kisha kuna mwezi. Mwezi mpevu wa Desemba hupanda juu sana kiasi kwamba unaweza kuzunguka angani siku kadhaa mfululizo bila kuzama. Mara ya kwanza nilipouona saa sita mchana unang'aa juu ya mlima nilimpigia shangazi. Akasema niende hospitali.

Lakini sharti ni mbili: mbingu iwe safi, na theluji iwe chini. Novemba ya mvua na lami tupu, hapo ndipo giza huwa giza kweli. Lami inameza taa, misitu inameza taa, makoti meusi ya watu yanameza taa. Theluji ikishuka, taa moja ya barabarani inafanya kazi ya taa tano. Wiki ngumu kwangu hazipo Desemba. Zipo katikati ya Novemba, kabla theluji haijakubali kukaa.

Saa ya Kiswahili inafanyaje kazi huko?

Inachekesha. Saa zetu tunahesabu tangu kunakucha. Hapa hakukuchi. Nikimwambia mwanangu "amka, saa moja asubuhi," ananionyesha dirisha. Tumekubaliana kwamba saa moja ni saa moja hata kama mbingu inakataa.

Jambo la maana zaidi: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Norway hurudishwa nyuma, kwa hiyo msimu wote wa baridi Nairobi na Dar wako mbele yetu kwa saa mbili. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi saa moja. Wanaopiga simu wanasahau hili kila mwaka.

Baridi yake inaua?

Haiui kama watu wanavyodhani. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita pwani yote hii, ndiyo maana bandari ya Tromsø haigandi. Wastani wa Januari ni nyuzi tatu au nne tu chini ya sifuri. Baridi kali kuwahi kupimwa kwenye kituo cha hali ya hewa cha kisiwani ni nyuzi 18.4 chini ya sifuri, Februari 1966. Ingia bara, mbali na bahari, ndipo utajua: Karasjok ilifika nyuzi 51.4 chini ya sifuri siku ya mwaka mpya wa 1886.

Upepo ndio usioonekana kwenye picha. Nyuzi tano chini ya sifuri zikija na upepo ni kali kuliko kumi zilizotulia.

Kama si baridi wala giza, tatizo ni nini basi?

Sifuri. Sisemi mzaha. Mwanzo wa msimu, Oktoba mwishoni hadi Desemba, halijoto inacheza juu na chini ya sifuri kama mtoto kwenye bembea. Asubuhi theluji sentimita kumi, kila mtu anafurahi. Mchana upepo wa bahari unaleta nyuzi nne na mvua. Theluji inageuka uji wa maji na matope. Wanorwei huita *slaps*, na neno lenyewe linasikika kama mguu unavyozama. Usiku inashuka chini ya sifuri, uji wote unaganda, na asubuhi mji mzima ni kioo. Mvua ikinyesha tena juu ya kioo hicho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa kioo kimepakwa maji. Watu wa kaskazini wana neno lao kwa barafu hiyo, *holke*, na wakilitamka hupunguza sauti kidogo.

Msimu wangu wa kwanza niliteremka kutoka juu ya kisiwa kwenda kituo cha basi na viatu vya raba nilivyonunua Kariakoo. Nilifika kituoni kabla ya basi, ila kwa makalio. Bibi mmoja wa miaka kama themanini alinipita taratibu, akanitazama, akanyanyua mguu wake kunionyesha chini ya kiatu. Hakusema kitu.

Alichonionyesha ni *brodder*: vyuma vyenye menomeno vinavyovishwa juu ya soli ya kiatu kwa mpira. Vinauzwa madukani kote, hata kwenye maduka ya dawa. Nunua kabla ya koti. Narudia: kabla ya koti. Vinunue vile vya kuvulika haraka, kwa sababu ukiingia navyo dukani kwenye vigae utateleza upya, na sakafu za watu utaziharibu.

Namna ya kutembea juu ya barafu inafundishika. Kumbuka mtu anayepanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani, njia imelowa: hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, mguu unatua wote kwa pamoja, hakuna kugeuka ghafla, mikono haipo mfukoni. Wengi wetu mwili unakijua kitendo hiki tangu utoto, tumesahau tu. Ukianguka na kiwiko au kifundo cha mkono kikavimba, piga 116 117, namba ya daktari wa zamu. Hali ya kutishia maisha ni 113.

Kwa utabiri, wenyeji wote hutumia Yr, huduma ya taasisi ya hali ya hewa ya Norway. Usitazame alama ya jua au wingu. Tazama kama halijoto inavuka sifuri usiku.

Nivae nini?

Sufu mwilini, kwanza kabisa. Fulana na suruali ya ndani ya sufu, soksi za sufu. Pamba ikilowa jasho hubaki imelowa na kukugandisha. Sufu hata ikilowa bado inashika joto. Juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Kofia, mzula kwa jina letu, ifunike masikio. Dada zangu wanaovaa hijabu, zipo nyembamba za michezo zinazokaa vizuri chini ya kofia.

Viatu chukua namba moja zaidi ya kawaida yako. Kiatu kinachobana soksi nene hakiachi nafasi ya hewa, na vidole vitalia.

Usinunue kila kitu kipya. Mitumba ipo hata huku, tafuta *bruktbutikk*, na kwa nguo za watoto utashangaa ubora. Wala usibebe koti zito kutoka nyumbani. Lile linalouzwa Dar kama "la Ulaya" huku linafaa Septemba.

Kitu cha mwisho ni reflekta. Zile zile za bodaboda. Wanorwei wazima, mawakili na madaktari, hutembea na vibati vinavyoning'inia kwenye makoti au vizibao vya njano, na hakuna anayecheka. Dereva kwenye lami nyeusi ya Novemba hakuoni mpaka umefika kwenye bonati yake, na ngozi yetu na koti jeusi havimsaidii.

Na gari?

Tairi zenye misumari zinaruhusiwa kaskazini kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili; kusini mwa nchi tarehe ni nyingine. Taa za mbele huwashwa muda wote, mchana na usiku, mwaka mzima, ni sheria. Weka ndani ya gari koleo la theluji na kikwanguo cha kioo, na ukwangue kioo chote, si kitundu cha kuchungulia. Nje ya mji, hasa kisiwa jirani cha Kvaløya, kulungu wa Wasami husimama katikati ya barabara kama ng'ombe wa Kimasai, na kwa utulivu ule ule.

Sala tunaswalije ikiwa hakuna mawio wala machweo?

Hili huulizwa kwa wasiwasi mkubwa, na lina majibu ya zamani. Katika hadithi ya Dajjal iliyomo ndani ya Sahih Muslim, masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, je, sala za siku moja zinatosha? Akajibu hapana, kadirieni. Wanazuoni wamejenga juu ya neno hilo. Wapo wanaosema fuata nyakati za mji wa karibu ambao mchana na usiku wake unatofautika, wapo wanaosema fuata saa za Makka. Uliza msikiti wa hapa wanafuata ratiba ipi na ushikamane nayo pamoja na jamaa. Mambo haya hayapendezi kila nyumba na kalenda yake.

Na kwa wanaopenda kupanga mapema: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, zote zikianza ndani ya mørketid.

Nimesikia watu wanapata huzuni. Ni kweli?

Wengine, ndiyo. Wengi zaidi husumbuliwa na usingizi: mwili haujui lini ni asubuhi, unasinzia saa tisa mchana na kukodoa macho saa saba usiku. Dawa ninayoijua ni ratiba. Amka saa ile ile kila siku, Jumamosi ikiwemo, na utoke nje ule muda wa utusitusi hata kama ni dakika ishirini. Wanafunzi wanaokosea ni wale wanaolala mpaka saa sita. Wakiamka mwanga umebaki saa mbili, wakimaliza chai umekwisha. Taa maalumu za mwanga mkali, za luksi 10,000, hutumiwa nusu saa asubuhi. Mwenye ugonjwa wa macho au anayetumia dawa za akili aulize daktari kwanza.

Mtafiti Mmarekani Kari Leibowitz alikuja kuchunguza wakazi wa Tromsø wanavyoyakabili majira ya baridi, akakuta kwamba kadiri alivyopanda kaskazini ndivyo watu walivyoyatazama kwa mtazamo mwema zaidi. Naamini, ingawa nitaongeza kwamba hao wengi wamezaliwa hapa, mama zao wako mtaa wa pili na Kinorwei wanakijua. Mgeni anayekaa peke yake chumbani Desemba hasumbuliwi na jua tu. Ukiona hamu ya chakula imekwenda, machozi hayana sababu, wiki ya pili sasa, nenda kwa daktari wako wa familia, *fastlege*. Hakuna aibu, swali hilo wamelizoea.

Vitamini D je?

Kunywa. Majira haya hakuna mwale wa jua unaoweza kuitengeneza mwilini, na ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi tangu mwanzo. Wanorwei hunywa *tran*, mafuta ya ini la samaki. Kijiko kidogo cha chai kina mikrogramu 10, kiasi kinachoshauriwa kwa siku. Ladha yake ni kama umelamba ngalawa. Vidonge vipo.

Watoto watacheza wapi?

Nje. Hilo liliniumiza kichwa kuliko giza lenyewe. Shule ya chekechea huwatoa nje kila siku, gizani, na vizibao vya reflekta, wanateleza kwenye vibao vya plastiki chini ya taa. Watoto wachanga hulazwa nje ndani ya vigari vyao wakiwa wamefungwa sufu. Mara ya kwanza nilibishana na mwalimu. Sasa mwanangu akilala ndani analalamika joto. Peleka nguo mbili za akiba, na kila kitu kiandikwe jina, kwa sababu glavu za watoto thelathini hufanana.

Nordlys, ule mwanga wa kaskazini unaocheza angani usiku, hutokea kwa sababu ya mørketid?

Hapana, ila giza linasaidia kuiona. Mwanga ule hutokea chembe kutoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu: oksijeni hutoa kijani, kama kilomita 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu, na nyekundu juu zaidi ya hapo, naitrojeni hutoa zambarau ukingoni chini. Huonekana tangu mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili. Baridi haina mchango. Adui ni mawingu, na Novemba yana wingi. Wasami waliwaonya watoto wasipige mluzi chini yake. Mimi sipigi, kwa nini nijaribu?

Watu wanafanya nini miezi yote hiyo, wanalala?

Mji unachangamka kuliko Mei. Jumapili ya kwanza ya Adventi kila dirisha linawekwa nyota ya karatasi yenye taa au mishumaa saba, na mapazia hayafungwi, mwanga unaachwa umwagike barabarani. Njia za kuteleza kwa ski kisiwani zina taa. Watu hutoka kazini na kwenda moja kwa moja. Januari kuna tamasha la filamu lililoanza 1991, na mbio za nusu marathoni gizani. Novemba hadi Januari nyangumi hufuata makundi ya samaki kwenye fyodi, mikono ya bahari iliyoingia kati ya milima, miaka ya karibuni hasa kaskazini upande wa Skjervøy.

Nakuja kutembea wiki moja tu. Nije lini?

Ukitaka buluu na theluji, mwanzo wa Januari. Novemba kaa nyumbani.

Miji mingine ya Aktiki ni hivyo hivyo?

Longyearbyen, kule Svalbard kwenye nyuzi 78, jua hutoweka tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na katikati yake hata huu utusitusi wetu haupo. Utqiaġvik ya Alaska hukosa jua kama siku 65 na baridi yake ni kali mno. Murmansk, mji mkubwa kuliko yote ya Aktiki, ni siku 40 hivi. Rovaniemi ya Finland wanauza mørketid kwa watalii, lakini jua wanaliona.

Na siku linaporudi?

Tarehe 21 Januari, *soldagen*. Foleni za mikate huanza asubuhi, watu wanunue *solboller*, maandazi ya mviringo yenye jamu katikati. Saa sita kasoro wafanyakazi na watoto wa shule husimama nje wametazama kusini, kwenye pengo kati ya milima. Msimu wangu wa kwanza nilisimama nao, andazi mkononi, brodder miguuni. Kulikuwa na mawingu. Tulisubiri, hakuna kilichoonekana, tukala maandazi. Jua nililiona tarehe 25, kwenye ukuta wa ghorofa la jirani, mstari wa njano mwembamba kama kidole, dakika nne. Mzee wa chini alikuwa ameshatoa kiti chake nje.